Kentauri wa euro 140

Swali: "Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, huu mwaka wa sita niko Bologna. Juzi kwenye soko la vitu vya kale nimekuta karatasi kubwa yenye picha ya mtu nusu farasi akimfundisha kijana kupiga kinubi. Chini ya picha kuna mistari miwili iliyogawanywa kama rula. Kibandiko cha bei kimeandikwa 'Piranesi, orijino, 1750', na muuzaji anataka euro 140. Picha imenikaa moyoni. Ningependa kuanza kukusanya chapa, yaani picha zilizochapwa, za namna hii, za miungu na masanamu ya Kirumi, ila mfuko wangu ni wa muuguzi. Je, ni ya kweli? Nianzie wapi? Na nikirudi nayo nyumbani, hewa ya Tanga haitaila?"

Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha tatu ulizotuma, nikazikuza kwenye simu mpaka zikabaki vumbi tu. Kibandiko kinasema uongo, lakini karatasi yenyewe, kwa ninavyoiona kutoka huku, haisemi uongo. Si ya Piranesi, yule mchongaji maarufu wa picha za Roma, wala si ya 1750. Na nadhani ni mwanzo mzuri kwako kuliko hiyo aliyoiandika muuzaji.

Huyo nusu mtu nusu farasi ni Chiron, kentauri mwenye hekima, na kijana ni Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki. Mchoro wenyewe ulichorwa ukutani Herculaneum, mji uliozikwa na mlima Vesuvius mwaka 79; mchoro huo ulifukuliwa 1739. Leo uko kwenye makumbusho ya akiolojia ya Naples. Sasa sikiliza sehemu inayomhukumu muuzaji wako. Mfalme Charles wa Bourbon, aliyetawala Naples wakati huo, alikuwa na wivu na vitu vyake. Wageni waliofika kwenye jumba lake la Portici waliruhusiwa kutazama, lakini kutoa kalamu na kuchora ilikuwa marufuku. Alitaka dunia izione picha hizo kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vyake mwenyewe, na cha kwanza kilitoka 1757: Le Antichità di Ercolano esposte. Vikaendelea mpaka vinane, cha mwisho 1792: vitano vya michoro ya ukutani, viwili vya masanamu ya shaba nyeusi, kimoja cha taa. Mwanzoni havikuuzwa dukani, mfalme alivigawa kama zawadi. Kwa hiyo Chiron wa 1750 akiuzwa sokoni ni sawa na kuuza gazeti la kesho.

Kilichonifanya niseme Naples ni ile mistari miwili kama rula. Hivyo ni vipimo. Mmoja ni palmo ya Kirumi, mwingine palmo ya Naples, ili msomaji apige hesabu ya ukubwa wa mchoro wa ukutani. Palmo ya Naples ilikuwa kama sentimita 26, ya Roma kama 22. Chukua rula upime: mstari wa Naples lazima uwe mrefu kidogo kuliko wa Roma, kwa uwiano huo huo. Kwenye picha yako naona hivyo.

Lakini usilipe bado. Vitabu vya mfalme vilipotoka, Ulaya nzima ilivinakili. London walitoa toleo lao 1773, Augsburg 1777, Paris 1780, na Roma kwenyewe Tommaso Piroli akatoa la kwake kuanzia 1789. Hizo nazo ni chapa za kale, na nyingine zinavutia, ila si kitu kile kile wala bei ile ile. Zile za Paris ni ndogo, ukubwa wa daftari. Za Piroli ni mistari ya nje tu, bila kivuli, kama mtu aliyechora kwa waya. Ya Naples ni karatasi pana, karibu nusu mita kwa urefu, na vivuli vimejengwa kwa mistari inayopishana mpaka mwili unavimba. Kuna jaribio jingine. Fungua picha ya mchoro halisi wa Naples kwenye simu, uiweke kando ya karatasi. Chapa hugeuza picha, kushoto kuwa kulia, kama muhuri. Mchongaji makini huichora kinyume kwenye bamba la shaba la kuchapia ili itoke sawa. Anayenakili haraka kutoka kitabu cha mwenzake huichonga kama anavyoiona, ikatoka imegeuka. Ukikuta Chiron yuko upande ambao sipo alipo ukutani, una nakala ya nakala mkononi.

Sasa nikuambie jambo ambalo wanaoanza wote hulifanya kinyume. Wanatazama picha kwanza. Mimi miaka yote hii nikikarabati karatasi za watu, picha naitazama mwisho.

Omba ruhusa uitoe karatasi kwenye bahasha ya plastiki. Washa tochi ya simu, uilaze pembeni ili mwanga uteleze juu ya karatasi badala ya kuipiga usoni. Kuizunguka picha utaona mfereji mwembamba uliodidimia, wenye pembe nne. Hiyo ni alama ya bamba. Fundi alilipaka wino bamba la shaba, akalifuta uso ukabaki safi huku wino ukijificha kwenye mistari iliyochongwa, akaweka karatasi iliyoloweshwa juu yake, akapitisha vyote katikati ya magogo mawili yanayobana kwa nguvu. Karatasi ikaingia mpaka ndani ya mistari kuufuata wino. Ndiyo maana ukiwa na kioo cha kukuza na tochi ya pembeni, mistari mizito inasimama juu ya karatasi kama mshono. Uzi wa wino una kimo. Ukishauona mara moja hutausahau.

Halafu inyanyue uitazame mwanga ukipita nyuma yake, dirishani. Karatasi ya zama hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, ikachotwa kwa chekecheo la waya, na waya ziliacha kivuli: mistari myembamba iliyosongamana, na mingine michache inayoikata kwa umbali wa vidole viwili hivi. Pengine utaona na alama ya maji, ua au ngao au herufi. Karatasi laini isiyo na mistari ya waya ilianza kutumika England mwaka 1757, ikachukua muda kuenea. Ukiikuta chini ya chapa inayojiita ya 1650, mrudishie muuzaji umshukuru.

Hivi vitu sikuvijua kwa kusoma. Nikiwa kijana nilimlipa muuzaji mmoja mshahara wa mwezi mzima kwa Colosseum ya Piranesi. Ilikuwa na mfereji wa bamba, karatasi ya rangi ya chai, na pembe moja iliyochanika kwa ustadi wa kupendeza. Nilikaa nayo ukutani mwaka mzima. Siku moja mwalimu wangu alikuja kula, akatoa kioo mfukoni kabla hajavua koti. Akanipa. Anga la Roma lilikuwa nukta, nukta tupu zilizopangwa kwenye safu kama mahindi shambani. Picha ya mashine, na mfereji umekandamizwa baadaye kwa bamba tupu. Mwalimu hakusema neno, akaomba maji ya kunywa. Kile kioo ninacho mpaka leo, kinakuza mara kumi, na cha namna hiyo utakipata kwa bei ya chakula cha mchana. Nunua kabla ya kununua chapa yoyote.

Kwa nini muuzaji aliandika Piranesi? Kwa sababu ni jina ambalo hata asiyejua analijua. Giovanni Battista Piranesi, 1720 hadi 1778, alichora Roma kama mtu anayeota homa, na mfululizo wake wa Vedute di Roma, yaani mandhari za Roma, peke yake una mabamba 135. Lakini hata Piranesi wa kweli ana umri tofauti tofauti, na hapo ndipo watu wanapoteza fedha. Bamba halifi na mwenyewe. Alipofariki, mwanawe Francesco aliendelea kuchapa, akayahamishia Paris mwaka 1799. Wakaja wachapaji wengine wa Paris, kisha 1839 serikali ya Papa ikayanunua, yakarudi Roma, na huko yapo hadi leo, kwenye taasisi ya serikali ya michoro karibu na chemchemi ya Trevi. Katika kila hatua hiyo yalichapwa. Kila mpitisho ulilisaga bamba kidogo: mistari miembamba ikafa kwanza, mawingu yakageuka madoa, vivuli vikawa kama masizi. Chapa ya 1760 na ya 1890 zinatoka kwenye shaba ile ile na zote mbili muuzaji anaweza kuapa ni "orijino" bila kuulizwa na Mungu. Bei, sasa, ni mbingu na ardhi.

Alama ya kutafuta kwenye Vedute nyingi za miaka yake ya mwisho ni anwani ya jumba alilokaa Roma: Palazzo Tomati, karibu na Trinità de' Monti, alipohamia 1761, pamoja na bei aliyoichonga mwenyewe kwenye bamba, paoli mbili na nusu, sarafu za Roma ya wakati huo, kwa chapa. Nampendea hilo. Msanii mkubwa kiasi hicho, na bei yake iko pale pale chini ya hekalu la miungu kama bei ya nyanya. Wachapaji wa baadaye waliifuta.

Maneno ya chini yakusaidie na kwingine. Jina lenye *del.* au *delin.* ni la aliyechora kwa kalamu. Lenye *sc.* au *sculp.* ni la aliyechonga bamba. Lenye *inv.* ni la aliyebuni, pengine mchoraji Raphael aliyekufa miaka mia kabla. *Exc.*, excudit, ni mchapaji, mwenye bamba, na huyo ndiye wa kumwangalia sana, kwa sababu bamba likiuzwa mnunuzi hulifuta jina la kwanza akachonga lake. Kuna mabamba ya magofu na masanamu yaliyotoka kwa Antonio Lafreri, Mfaransa aliyefanya biashara Roma miaka ya 1500, yakapita mikono kadhaa mpaka karne iliyofuata. Duka la ukoo wa De Rossi, karibu na kanisa la Santa Maria della Pace huko Roma, lilirundika mabamba mengi kiasi kwamba 1738 Papa alilinunua zima zima lisihamishiwe nje. Ukizoea majina haya utasoma umri wa chapa kama unavyosoma namba ya gari.

Kwenye ile yako, na kwenye kurasa nyingine za kitabu cha Naples, utakutana na majina kama Nicola Vanni, Carlo Nolli, Rocco Pozzi, Filippo Morghen. Hayajulikani sana, na hiyo ni bahati yako.

Nikija kwenye kuanza. Usianze na jina, anza na hadithi au kitu kimoja, ukifuate kinavyobadilika mkono hadi mkono. Nikupe mfano ninaoupenda. Sanamu la Laocoön, yule kuhani wa Troya anayenyongwa na nyoka pamoja na wanawe wawili, lilichimbuliwa kwenye shamba la mizabibu Roma mwaka 1506. Mkono wa kulia haukuwepo. Mchongaji Marco Dente alipolichonga kwenye shaba katika miaka iliyofuata, alimwacha bila mkono, na hiyo ndiyo heshima ya chapa ya mapema. Kisha mafundi wakamtengenezea mkono mpya, umenyooka kwenda juu kama mtu anayesimamisha basi. Kwa karne nyingi kila mchongaji akauchora huo. Mchongaji Perrier na kitabu chake cha 1638, mabamba 100 ya masanamu ya Roma, naye kauchora. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwanaakiolojia Ludwig Pollak akatangaza kuwa kipande alichokiona kwa fundi mawe wa Roma ndicho mkono wenyewe: umekunjwa nyuma ya kichwa. Ukarudishwa mahali pake miaka ya 1950. Kwa hiyo mkono ulionyooka si kosa la mchongaji. Alichora alichokiona. Karatasi tatu au nne za Laocoön zikiwekwa pamoja zinakuonyesha watu wa zama mbalimbali walivyodhani mtu anayekufa hunyanyua mkono vipi, na hata zikiwa za kurasa ndogo, zisizo na jina kubwa, mkusanyiko huo una akili kuliko Piranesi mmoja aliyechoka.

Kuna na zile zilizobaki wakati vitu vyenyewe vimetoweka. Mwaka 1674 kando ya barabara ya Flaminia lilifunguliwa kaburi lililojaa michoro ya ukutani, watu wakaamini ni la ukoo wa Ovidius Naso, mshairi wa hadithi za watu kugeuzwa miti na ndege. Halikuwa lake. Mchongaji Pietro Santi Bartoli alichora kuta zake, akachapisha 1680. Hewa na mikono ya watu vilimaliza sehemu kubwa ya michoro hiyo, vikabaki vipande vichache. Karatasi ya Bartoli imekuwa ndiyo ukuta.

Kwa mfuko wa muuguzi, kwa uzoefu wangu, kurasa za Bernard de Montfaucon ni mlango rahisi. Huyo alikuwa mmonaki wa Paris aliyechapisha 1719 vitabu kumi vya L'antiquité expliquée, akaongeza vitano 1724. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na Mercurius sita, yule mungu mjumbe wa Warumi, wa shaba na wa mawe, kila mmoja na jina dogo kando yake kuonyesha alikotolewa. Uchongaji si wa hali ya juu, na baadhi ya vitu alivyovipokea kutoka vitabu vya wengine vilikuwa vya kughushi. Mimi hilo linanifurahisha zaidi. Pia tafuta vinjeti za Antichità di Ercolano, picha ndogo zilizowekwa mwanzo na mwisho wa maelezo. Hizo ziko kwenye ukurasa wenye maandishi, na ukurasa huo ulipita mashine mbili, ya herufi za risasi na ya bamba la shaba, kwa sababu moja huchapa kwa kilichoinuka na nyingine kwa kilichochongwa. Mara nyingi utaona picha imekaa upande kidogo kuliko maandishi. Wauzaji huziona takataka.

Za rangi ziogope kidogo. Mabamba ya Naples yalichapwa kwa wino mweusi. Ukimkuta Venus, mungu wa kike wa mapenzi, wa kitabu hicho na mashavu mekundu, kuna mtu amempaka baadaye, pengine wiki iliyopita.

Na hili niliseme nisije nikaonekana mnafiki: karatasi nyingi zilizopo sokoni zimetoka kwenye vitabu vilivyokatwa makusudi, kwa sababu picha mia zikiuzwa moja moja hulipa kuliko kitabu kizima. Nimeona watu wakikata kitabu kizuri kwa kisu cha karatasi wakiwa wanaongea mpira. Sinunui kwa mtu ninayejua anafanya hivyo. Lakini ukurasa uliokwisha kung'olewa miaka themanini iliyopita hauwezi kurudi, na kuununua hakumuumizi yeyote. Muulize muuzaji. Anayejibu kwa hasira amejibu.

Tanga sasa. Kitani ni imara, imevumilia karne mbili na nusu za majira ya baridi ya Italia. Maadui wa pwani ni unyevu, jua, wadudu na fundi wa fremu. Huyo wa mwisho ndiye hatari zaidi. Usimruhusu aibandike kwenye hadibodi, wala kutumia selotepu, wala gundi ya mbao. Na kwa jina la wazee wako, isiingie kwenye mashine ya lamineshoni. Nimeletewa mbili za namna hiyo na zote mbili nilizirudisha, hakuna cha kufanya. Inatakiwa kadibodi isiyo na asidi, vibawa viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani juu tu, vilivyogandishwa kwa uji wa wanga wa ngano, ili karatasi ining'inie na kupumua. Kioo kisiguse picha: kadibodi yenye dirisha iwe katikati. Nunua vifaa hivyo huko Bologna usafiri navyo. Nyumbani itundike ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua za masika, na acha upenyo nyuma ya fremu kwa vipande vya kizibo. Kila baada ya miezi michache ishushe uitazame mgongo. Ukiona madoa madogo ya kahawia yameanza kutawanyika, ipumzishe mahali pakavu penye hewa. Usiyaguse na jiki.

Kuhusu kuitoa Italia: kazi ya sanaa iliyozidi miaka 70 ina utaratibu wake, na kwa yenye thamani chini ya euro 13,500 unaanzia kwenye tamko la maandishi kwa ofisi ya serikali inayosimamia kazi za sanaa kutolewa nje, si kibali kamili. Fanya mapema, usingoje siku ya ndege.

Jumapili ukirudi sokoni, nenda na rula, kioo na tochi. Angalia kama mfereji wa bamba uko pande zote nne, kwa kuwa naona upande wa kushoto kama umekatwa. Ukiwa umekatwa, mpe 70. Ukiwa mzima, na mistari ya waya ipo, na Chiron yuko upande wake, mwonyeshe muuzaji kibandiko chake, mwambie kwa upole kwamba 1750 mfalme alikuwa bado amefunga mlango, halafu mpe 100. Nisingeiacha kwa ajili ya hizo 40. Na kabla hujaifunga, nipigie picha ya mgongo wake, taa ikiwa nyuma, nione hiyo alama ya maji.